Wakili Huuza Kazi Yake, Hukumu Haiuzwi

Mtu aliyeshtakiwa, au aliyenyang'anywa shamba la baba yake, hutafuta msaada upesi. Lakini kwa watu wa Shabunda msaada huo mara nyingi uko mbali. Wilaya yao ni kubwa kupita zote za Kivu ya Kusini, na kutoka huko mpaka Bukavu, palipo Baraza la Rufani na chama cha mawakili wa jimbo, ni safari ya zaidi ya kilometa 300 kwa njia mbovu ya msituni. Wenye uwezo hupanda ndege ndogo. Wengine hushika njia kwa pikipiki au kwa miguu. Basi mtu anapoketi mbele ya wakili, ambaye sisi wa Kongo twamwita avoka, amekwisha kutumia fedha nyingi kabla ya kusema neno lake la kwanza.

Wanaorudi kutoka safari hiyo hawasimulii jambo moja. Huyu amsifu avoka wake kama ndugu. Yule asema kwamba mawakili wote ni wezi. Yafaa tupime maneno yao kwa haki. Mambo matatu yafuatayo ni mfano wa mengi yanayosimuliwa, nasi hatutaji jina la mtu.

Mama mmoja alifiwa na mumewe, na shemeji zake wakamwambia atoke nyumbani. Alimwendea avoka akiwa na cheti chake cha ndoa. Avoka alikisoma, akamweleza kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, na humpa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa. Kisha alimtajia bei ya kuandika barua, na bei nyingine ikiwa shauri lingefika barazani, akampa stakabadhi. Shemeji walipoisoma barua ile waliketi pamoja na wazee, na shauri likaisha pale pale. Mama huyo amsifu avoka wake mpaka leo.

Kijana mmoja, mfanya biashara ya dhahabu, alimpata mtu aliyemwambia, "Shauri hili tumekwisha kulishinda, lete fedha tu, na nyingine ni za hakimu." Alitoa dola nyingi bila karatasi yoyote. Siku ya hukumu alishindwa. Alipouliza habari za mtu wake, aliambiwa kwamba jina lake halimo katika orodha ya mawakili. Tumhurumie kijana huyu, maana alidanganywa. Walakini tuseme kweli: yeye naye alitaka kuinunua hukumu. Kumhonga hakimu ni kosa mbele ya sheria na dhambi mbele ya Mungu, naye anayetaka fedha kwa kazi hiyo hawezi kushtakiwa kwa urahisi, kwa sababu aliyezitoa aona haya kusema alizitoa kwa ajili gani.

Jambo la tatu ndilo gumu. Mzee mmoja alikuwa na shauri la shamba. Avoka wake alifanya kazi kwa bidii, lakini baraza la kwanza likampa ushindi mwenzake. Mzee alikuwa amerudi kijijini, mahali pasipo simu. Sheria ya mashauri ya madai hutoa siku 30 tu za kukata rufani, na katika mashauri ya jinai siku ni 10. Avoka asema alituma habari kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Mzee asema hakupata neno. Siku zikapita, na shamba likapotea. Ni nani mwenye kosa? Avoka alijua hesabu ya siku, naye hakumweleza mzee tangu mwanzo. Mzee naye hakuacha Bukavu mtu wa kuaminiwa, mwenye ruhusa ya kusema, "Kata rufani." Kwa kukosa maneno machache kama hayo, wajukuu wake leo hawana pa kulima.

Tukiyaweka mambo haya matatu pamoja, twaona kwamba ufasaha wa wakili haukuwa ndio ulioamua. Mama alijua ananunua kazi gani. Kijana alidhani ananunua ushindi. Mzee alinunua kazi njema, lakini hakuna aliyemwonyesha mwisho wake ni wapi.

Basi, ndugu, kabla ya kutoa fedha ya kwanza ulizeni mambo manne. Kwanza, mtu huyu ni nani? Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 yatofautisha avoka, aliyeandikwa katika chama cha mawakili, na mtetezi wa mahakama, ambaye hana ruhusa ya kusimama mbele ya Baraza la Rufani. Wote wawili waweza kufaa, lakini heri kujua mapema. Pili, atafanya kazi gani, na kwa bei gani? Tatu, gharama za baraza, ambazo hulipwa kwa karani na kupewa stakabadhi, zimo katika bei hiyo au ziko mbali? Nne, hukumu ikitoka, nani ataleta habari, na kwa njia ipi? Majibu yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Avoka akikosa uaminifu, mashtaka hupelekwa kwa mkuu wa chama chao, aitwaye batonie. Na asiye na kitu asikate tamaa, kwa maana sheria ile ile yaagiza chama cha mawakili kiwe na ofisi ya kuwashauri maskini bila malipo. Hata watu wa vijiji vya Shabunda wameona faida ya kutetewa. Mwezi Novemba 2019 mahakama ya kijeshi huko Bukavu ilimhukumu Masudi Alimasi, aitwaye Kokodikoko, mkuu wa kundi la Raia Mutomboki, kifungo cha maisha kwa maovu waliyotendewa raia wa wilaya hiyo mwaka 2018. Walioumizwa walikuwa na mawakili wa kusema kwa ajili yao.

Kanisa lina mtakatifu mmoja aliyekuwa mwanasheria: Ivo wa Bretagne, katika Ufaransa, aliyefariki mwaka 1303. Alikuwa padre na hakimu, akawatetea wajane na yatima bila kutaka malipo. Sikukuu yake ni tarehe 19 Mei.

Nanyi wanafunzi, mna kazi tangu sasa. Babu akiitwa barazani, msomeeni karatasi aliyoletewa, mwandikieni tarehe, mhesabieni zile siku 30. Na ikiwa mmoja wenu atasoma sheria na kuandikwa miongoni mwa mawakili, amweleze kila mzee atakayemjia, kwa lugha anayoifahamu, siku zake zaanza lini na zaisha lini.