Walinzi Waliodharauliwa

Kila mchezo wa kuigiza una wakubwa wake na wadogo wake. Wakubwa husema maneno mengi, na watu hurudi nyumbani wakiyataja majina yao. Wadogo huingia, huchekesha kidogo, kisha hutoka. Lakini ukiwaondoa hao wadogo, je, mchezo utasimama? Tuutazame mmoja.

William Shakespeare wa Uingereza alitunga mchezo wa kuchekesha uitwao "Much Ado About Nothing," maana yake makelele mengi kwa jambo la bure. Ulipigwa chapa mwaka 1600. Mambo yake yatendeka Messina, mji wa kisiwa cha Sisilia. Liwali wa mji, Leonato, ana binti mmoja, Hero. Kijana askari, Claudio, amemposa, na siku ya arusi imewekwa.

Basi yuko mtu mwenye kijicho, Don John, asiyependa kuona wengine wakifurahi. Mtu wake Borachio anamfanyia hila kwa ujira wa dukati 1,000. Usiku wa kuamkia arusi anazungumza na mjakazi Margaret dirishani pa Hero, maneno ya mapenzi, akimwita kwa jina la bibi yake. Claudio na mkubwa wake Don Pedro wameletwa pale kwa siri. Wanatazama kwa mbali, gizani, na wanasadiki.

Sasa waingia wadogo wetu, walinzi wa usiku. Mkuu wao ni Dogberry, mtu wa kujivuna, apendaye maneno makubwa asiyoyajua maana. Msaidizi wake ni mzee Verges. Dogberry awafundisha walinzi kwamba wakimwona mwizi, afadhali wamwache aende zake, wasije wakachafuka kwa kumgusa. Watazamaji wavunjika mbavu! Lakini usiku uleule, mvua ikinyunya, Borachio anajibanza chini ya upenu na kumsimulia mwenzake hila yake. Walinzi wanasikia yote, wanawakamata wote wawili.

Asubuhi, kabla ya arusi, Dogberry na Verges waenda kwa liwali kutoa habari. Ole wao! Wanazunguka kwa maneno, hawafiki penye jambo lenyewe. Leonato ana haraka ya kwenda kanisani. Awaambia wakawahoji wafungwa wenyewe, naye ashika njia. Laiti angalikaa kitako dakika chache tu!

Kanisani, mbele ya watu wote, Claudio amkataa bibi arusi na kumwita mzinzi. Hero aanguka, amezimia. Hata baba yake mzazi asadiki uongo ule, aona heri afe. Ni Padre Francis, mtawa, mwenye maneno machache, aliyemtazama binti usoni akajua hana hatia. Ashauri afichwe, isemwe amekufa, mpaka kweli itokee.

Nayo yatokea. Karani mmoja aandika maneno ya walinzi, atambua uzito wake, na kuyapeleka upesi kwa Leonato. Borachio aungama mwenyewe: jambo lililowashinda wenye akili limefichuliwa na wajinga. Mwishowe Hero aolewa kwa heshima.

Shakespeare hakuwadharau wadogo hawa. Dogberry alichezwa na William Kemp, mchekeshaji mashuhuri wa siku zile, na katika chapa ile ya 1600 jina la Kemp limo penye maneno ya Dogberry.

Nawe, baba, nawe, mama, nani huja kwako akizungukazunguka kwa maneno? Labda ni mtoto aliyetoka kuchunga mbuzi, labda ni bibi kizee wa jirani. Una haraka, wamwambia, "Njoo kesho." Pengine amebeba jina jema la binti yako. Kaa kitako, umsikilize mpaka mwisho. Na wewe mwenye habari, anza na jambo lenyewe, salamu ndefu zitafuata. Mdharau mwiba, mguu huota tende.