Fahamu: Nani mwenye shule za Likasi?

Darasa la Likasi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, likijaa na mwalimu asilipwe, mzazi amlalamikie nani? Shule nyingi za umma Kongo zinaendeshwa na makanisa. Mishahara, programu ya masomo na ukaguzi ni vya serikali. Rais wa wakati huo, Mobutu, alizitaifisha shule hizo mwaka 1974, mambo yakaharibika, na Februari 1977 mkataba ukayarudishia makanisa usimamizi. Mpango huo ungalipo.

Septemba 2019 Rais Tshisekedi alianza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa na Katiba ya 2006, ibara ya 43. Watoto wakafurika, wakabanana kwenye mabenchi. Lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara. Walikuwa wakiishi kwa michango ya wazazi, nayo ikapigwa marufuku. Hao ndio serikali ilipaswa kuwalipa kwanza.