Waya au plastiki, mwenye kauli ni mfupa

Jino halikupigiliwa tayani kama msumari ubaoni. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi, unene wake takriban robo ya milimita, na humo ndimo kazi yote ya kunyoosha meno inamofanyika. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, upande unaobanwa huamka seli zinazokula mfupa, na upande unaovutwa nyingine hujenga mfupa mpya. Hivyo jino huhama polepole, kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Ukizidisha nguvu, damu hukosa njia kwenye utando, jino hugoma, na hata mzizi waweza kuliwa ukafupika. Anayekuahidi meno yaliyopinda sana yatanyooka kwa wiki sita anauza maneno.

Kifaa kinachojulikana zaidi ni breketi: vipande vidogo vya chuma vinavyogandishwa kwenye kila jino, waya ukapita katikati. Enzi za mwanzo waya ulikuwa mgumu na kila ulipokazwa mgonjwa aliumia. Mambo yalibadilika miaka ya 1970, pale George Andreasen wa Iowa, Marekani, alipoleta kinywani mchanganyiko wa nikeli na titani uliogunduliwa katika maabara ya jeshi la majini. Waya huo ukikunjwa hurudia umbo lake taratibu, ukisukuma kwa upole kwa muda mrefu. Zipo pia breketi za kauri zenye rangi ya jino. Hazionekani sana, lakini huvunjika upesi kuliko chuma na zinaweza kusaga meno ya taya ya pili.

Vifuniko angavu vya plastiki vilianzia California mwaka 1997, Zia Chishti na Kelsey Wirth walipoanzisha kampuni ya Align Technology. Kinywa hupigwa picha, kompyuta huchora safari nzima ya meno, kisha hutengenezwa mfululizo wa vifuniko, kila kimoja kikilisogeza jino takriban robo ya milimita. Unakivua ukila hindi la kuchoma, unapiga mswaki bila chuma kukuzuia. Ila kinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, na hapo ndipo wengi, hasa vijana, wanapochemsha. Tena plastiki hupata shida kulizungusha jino la mviringo kama chonge, au kulivuta lishuke. Kwa msongamano mdogo inatosha. Kwa meno yaliyopandana hadi mengine yang'olewe, mimi ningechagua waya bila kusita.

Kwa wenzetu wa Arusha na Bonde la Ufa kuna jambo jingine. Maji yenye floraidi nyingi huyatia meno madoa ya kahawia na kubadili gamba lake la nje, hivyo gundi ya breketi huweza isishike sawasawa. Breketi zikibanduka mara kwa mara, usikimbilie kumlaumu fundi.

Na mwanya je? Kuuziba ni kazi nyepesi kabisa, ila nao hurudi kwa wepesi uleule, ndiyo maana mara nyingi huachwa waya mwembamba nyuma ya meno kwa miaka mingi. Kama mwenyewe anaupenda, na kwetu wengi wanaupenda, sioni kwa nini auzibe.

Meno yote, si ya mwanya tu, hutaka kurudi yalikotoka, kwa kuwa nyuzinyuzi za fizi hukawia kutulia. Kwa hiyo kabla hujalipa hata malipo ya awali, muulize daktari utavaa nini baada ya matibabu, kwa muda gani, na kikipotea kipya ni bei gani. Akikosa jibu, tafuta mwingine.