Burini ya muchimbaji: fundi aachiwe wakati

Fundi wa chuma wa Oicha akitengeneza burini kwa resori ya gari, kazi yote iko kwenye ncha. Anaipasha mpaka nyekundu, anazamisha ncha tu, anangoja moto wa nyuma urudi. Rangi inatoka: manjano, halafu kahawia. Hapo anazamisha yote.

Rangi ile ni oksidi. Kwa chuma ni alama ya moto tu. Kwa zirkoniamu, oksidi njo ugumu wenyewe: ikipashwa hewani karibu digri 500 inavaa ngozi nyeusi kama kauri, inayofaa goti la bandia. Kuna wanaotumia leza.

Siye tuko na makaa. Burini isiyongojewa rangi inapasuka kama chupa, kipande kinaruka machoni. PDG wa shimo anayehimiza fundi, anunue kwanza miwani.