Sukuma Wiki na Viazi Vitamu Havitaki Chakula Kimoja

Wakulima wenzetu wa skimu za makazi huja ofisini mara kwa mara na swali hili: "Nina samadi kidogo na maji kidogo. Niyapeleke wapi?" Ni swali la haki, maana mwenye shamba jipya hupata ardhi kabla hajapata ng'ombe. Jibu lake sikulionea katika shamba la ekari 5. Nililionea Kibera, hapa Nairobi, katika gunia moja la udongo.

Wanubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles walipokaa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa msitu, nao wakalima. Leo nyumba zimebanana na mahali pa kulima ni haba sana. Mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwasaidia watu wa huko kupanda mboga katika magunia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya miche. Gunia moja huweza kuchukua miche 30 au 40 ya sukuma wiki, na jamaa wakachuma kila juma.

Basi mama mmoja anayekaa karibu na reli alikuwa na gunia la namna hiyo, na katika matundu ya chini alikuwa amechomeka mashina ya viazi vitamu. Yalikuwa yameshuka na kutambaa mlangoni kote, majani mapana, kijani cha kupendeza.

"Mwalimu," akaniambia (wanaonijua bado huniita hivyo, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani), "sukuma tunakula. Lakini viazi viko wapi?"

"Mama, umevishibisha mno," nikamjibu.

Sikuwa na haki ya kumcheka. Mimi mwenyewe, kule Kawangware, niliwahi kumwaga toroli 3 za samadi katika kipande cha viazi vitamu. Majirani walisifu majani yangu. Siku ya kuchimba nilitoa mizizi myembamba kama mikia ya panya, na samadi ile ndiyo iliyokosekana katika mboga.

Sababu yake ni hii. Samadi ina naitrojeni, na naitrojeni ndiyo chakula kinachokuza majani. Kwa sukuma wiki, jani ndilo mavuno, na kila juma unalichuma na kulipeleka jikoni au sokoni, yaani unaondoa chakula hicho shambani kila juma. Usipokirudisha, majani hugeuka manjano kuanzia chini na kuwa madogo. Viazi vitamu ni kinyume. Mmea huu huweka akiba yake chini, na huanza kuiweka vizuri pale chakula cha majani kinapokuwa cha kiasi. Ukiupa tele, huendelea kufanya majani tu.

Kwa hiyo samadi yote iende kwa sukuma. Miche hung'olewa kitaluni baada ya majuma 4 mpaka 6, ikiwa na majani 4 au 5 ya kweli, na kupandwa shambani kwa futi 2 kati ya mistari na futi 1 na nusu kati ya mche na mche. Katika kila shimo tia konzi 2 za samadi iliyooza vizuri. Mche ukiisha kushika, mwenye uwezo atie mbolea ya CAN, kifuniko 1 cha chupa ya soda kwa kila mche, mbali kidogo na shina. Mizizi ya mboga hii haiendi mbali, kwa hiyo haiwezi kungoja mvua ya juma lijalo. Katika gunia, udongo hukauka upesi zaidi, na yule mama, anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, hunyunyizia kila siku. Tena asitumie maji ya mtaroni. Uchafu wake hubaki juu ya jani lile lile litakaloliwa. Wadudu wanaopenda naitrojeni pia ni wengi. Pindua jani utazame vidukari upande wa chini.

Sukuma hupenda baridi ya nchi za juu, na Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, huifaa sana. Viazi vitamu hupenda joto zaidi, na huku kwetu vyaweza kuchukua miezi 5 au 6 mahali ambapo nchi ya joto huchukua 3 au 4. Asiyejua hili huchimba mapema na kulaumu mbegu.

Lakini viazi vitamu huvumilia udongo uliochoka, na huvumilia jua vikiisha kushika. Chagua ncha za mashina yenye afya, urefu wa futi 1, uzifiche sehemu mbili kwa tatu ndani ya tuta. Kati ya tuta na tuta acha futi 3, kati ya mche na mche futi 1. Palilia mpaka mwezi wa pili. Kutoka hapo mashina hufunika ardhi, magugu hukosa jua, na matone ya mvua hupiga majani badala ya kupiga udongo. Mahali pa mteremko hilo pekee lina thamani yake, ila matuta yafuate kontua. Udongo ukipasuka, ufukie, kwa maana fukuzi huingia katika nyufa kutafuta viazi.

Wengine huuliza kwa nini wasifunike mteremko kwa majani ya Kikuyu, kama yale ambayo vijana wa Kawangware huajiriwa kuyakata katika bustani za Lavington. Hushika udongo kweli, na ng'ombe huyala. Lakini hutambaa juu na chini ya ardhi, yakiingia katika bustani ya mboga utayang'oa miaka. Shina la kiazi hung'oka kwa mkono mmoja, na ng'ombe hulila vile vile.

Msivichanganye viwili hivi katika tuta moja. Mashina huimeza miche michanga. Sukuma ikae karibu na nyumba, karibu na maji na zizi. Viazi viende mbali, penye mteremko na udongo mwepesi. Yule mama wa Kibera hana mteremko, kwa hiyo tulikubaliana aache mashina yake na kuyala majani, ambayo watu wa pwani huyaita matembele.

Jambo moja zaidi kuhusu mbegu. Mvua ya Machi inapofika, wengi hukuta mashina yao yamekauka kwa jua la Januari na Februari, wakaenda kuomba kwa jirani wakati ambapo kila mtu anaomba. Mwezi wa Desemba kateni ncha chache, mzipande karibu kwa karibu mahali maji ya kuogea yanapomwagwa.