Ziwa ni la wote, lakini ukingo wake ni wa nani?

Mkazi wa Kampala anayeamka Jumamosi akiwa na nia ya kutembea peke yake kandokando ya Ziwa Victoria kuanzia asubuhi hadi jioni hugundua jambo moja mapema. Jiji lake limekaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lakini halina njia ndefu ya umma ya waenda kwa miguu inayoufuata ukingo huo. Mahali pa kuliona ziwa papo. Njia ya kulifuata haipo.

Wakati huohuo, Katiba ya Uganda inatamka kwamba ziwa ni la wananchi wote. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, na kwa nini yanamgusa hata asiyependa matembezi.

Matembezi yanakatikia wapi?

Mahali rahisi pa kuanzia ni mwalo wa Ggaba, katika divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa jiji. Hapo hakuna anayemuuliza mgeni anakwenda wapi. Soko limepakana na maji. Wachuuzi hupanga sato, ambaye Waganda humwita ngege, na sangara, ambaye humwita mputa. Mitumbwi ya mbao yenye injini husubiri abiria wa vijiji vya ng'ambo, na bodaboda hupenya katikati ya wapagazi na mizigo.

Lakini hatua chache kutoka sokoni, ukingo hufungwa. Mitambo ya kusafisha maji ya jiji ina uzio wake, na kwa sababu inayoeleweka. Baada ya hapo hufuata taasisi, hoteli na makazi ya watu binafsi. Mtembeaji hulazimika kurudi barabarani, na ziwa huliona tena kwa vipande, katikati ya ukuta na ukuta, hadi afike Munyonyo. Huko kuna mwalo mwingine, na pia madhabahu ya kuwakumbuka Wakristo waliohukumiwa kifo na Kabaka Mwanga wa Pili mnamo Mei 1886.

Anayetaka kuelekea upande wa pili, kutoka Ggaba hadi bandari ya Port Bell, huona ugumu zaidi. Kati ya sehemu hizo mbili ipo Ghuba ya Murchison pamoja na kinamasi cha Nakivubo chenye mafunjo. Kwa miguu, hana budi kuliacha ziwa kabisa, azunguke kupitia mitaa ya jiji, kisha ashuke tena Luzira.

Sheria inasema nini?

Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inaagiza serikali kuu au serikali ya mtaa kuyashika maziwa ya asili, mito, vinamasi na hifadhi kwa dhamana, kwa ajili ya manufaa ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaongeza kuwa rasilimali hizo haziwezi kukodishwa wala kuhamishiwa umiliki, ingawa serikali inaweza kutoa vibali vya kuzitumia.

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinakwenda mbali zaidi. Zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kwenye kingo za Ziwa Victoria, unaopimwa kuanzia mahali maji yanapofika yanapokuwa chini. Shughuli ndani ya ukanda huo zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ukanda wa mita 200 uliwekwa ili kuyalinda maji, haukuwekwa kuwa njia. Unaweka masharti kwa anayetaka kujenga au kulima, lakini haumwambii mwenye ardhi amfungulie mpita njia lango. Ardhi inayopakana na ziwa inaweza kuwa na hati ya mtu binafsi. Katika Buganda, umiliki wa mailo, uliotokana na Mkataba wa 1900, hauna kikomo cha muda. Kwa hiyo maji ni ya umma, lakini mlango wa kuyafikia mara nyingi uko mikononi mwa mtu.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Ukingo ulio wazi hauwafaidi watembeaji tu. Mafunjo huchuja uchafu kabla haujaingia ziwani. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya jiji na kuyamwaga katika Ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambayo mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa. Kadiri kinamasi kinavyopungua, ndivyo kazi ya kuyasafisha maji hayo inavyozidi kuwa ngumu.

Pia ziwa halitulii mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu 1964, yakaingia katika masoko, nyumba na hoteli za kandokando. Mwaka 2024 yalipanda tena. Waliojenga karibu na maji walikumbushwa kwamba ukanda wa hifadhi una sababu yake.

Kwingineko wamefanyaje?

Zanzibar ina bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ambako wenyeji na wageni hupunga upepo pamoja kila jioni. Mombasa ilifungua upya bustani ya Mama Ngina, kwenye mlango wa bahari wa Kilindini, mnamo Oktoba 2019. Hayo ni maeneo mafupi, lakini ni ya wazi.

Wales ilichukua hatua kubwa zaidi. Mwaka 2012 ilizindua njia ya miguu ya takriban kilomita 1,400 inayofuata pwani yake yote. Uingereza ilikuwa imetunga sheria mwaka 2009 ya kumpa mpita njia haki ya kupita kandokando ya bahari. Funzo lililopo ni kwamba njia kama hiyo haitokani na sheria ya mazingira pekee. Inahitaji sheria au makubaliano yanayotaja kupita kwenyewe.

Anayetaka kutembea leo afanye nini?

Njia inayowezekana ni kuunganisha mialo: Ggaba na Munyonyo kwa siku moja, Luzira na Port Bell kwa siku nyingine. Aliye peke yake ni vyema aanze asubuhi, amjulishe mtu anakoelekea, na awe macho barabarani, kwa kuwa sehemu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Asiingie majini ovyo, kwani kichocho kipo katika Ziwa Victoria. Eneo la Gereza la Luzira si la kupita wala kupigwa picha.

Mialo hiyo ndiyo milango ya umma iliyosalia. Inatumiwa kila siku na wavuvi, wachuuzi na abiria, si kwa ajili ya matembezi bali kwa riziki. Mwalo mmoja ukizungushiwa uzio, mtembeaji hupoteza mandhari. Mchuuzi wa samaki hupoteza kazi yake.