Mashua Iliyotumika: Safari ya Kutoka Pwani Hadi Majini Ukambani

Mashua juu ya lori haionekani kila siku Mtito Andei, lakini si kitu kigeni hapo. Mji huu uko karibu katikati ya Mombasa na Nairobi. Chombo kinachonunuliwa Kilifi, Mtwapa au Mombasa na kupelekwa Naivasha, Masinga au Ziwa Victoria kwa kawaida hupita hapa. Madereva husimama kula, kupoza magurudumu na kukaza kamba, kisha huendelea na safari.

Hata hivyo, siku hizi baadhi ya vyombo hivyo huenda visipite tu. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mahali Mto Thwake unapoungana na Mto Athi kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Ziwa la ukubwa huo huamsha mawazo ya uvuvi, utalii na usafiri. Vikundi vya vijana na wafanyabiashara watakaofikiria kununua mashua wataanza, kama ilivyo kawaida, kwa kutafuta iliyotumika kwa sababu bei yake ni nafuu.

Unafuu huo unaweza kumgharimu mtu maisha. Makala haya yanaeleza mambo ya kukagua, jinsi ya kusafirisha chombo na vifaa vinavyohitajika kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Njia iliyowahi kupitishwa meli

Kusafirisha chombo cha majini kupitia nchi kavu si jambo jipya. Meli ya SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikavunjwavunjwa na kuletwa Mombasa vipande vipande. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla hata reli yenyewe haijafika huko Desemba 1901. Sehemu ya safari ya vipande hivyo ilifanywa kwa reli, na iliyobaki kwa mikokoteni na mabega ya wapagazi. Miaka 60 baadaye, meli ya MV Victoria nayo ilifika Kisumu kwa reli ikiwa vipande, ikaunganishwa na kuanza kazi mwaka 1961.

Mfano wa karibuni ni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, na kushushwa majini Septemba 2018. Baada ya kusafiri kwa tanga hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019, lilipelekwa nchi kavu hadi Kisumu, na mwaka 2021 likazunguka sehemu ya Ziwa Victoria likihamasisha watu kuhusu uchafuzi wa plastiki.

Waliosafirisha vyombo hivyo walijua kwamba kazi inayoamua kama chombo kitafika salama hufanywa kabla gari halijawashwa. Kila kipande hupewa alama, kila kipimo huandikwa, na kila kifaa hujulikana kitakaa wapi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi asikubali kuonyeshwa mashua ikiwa imefungwa gatini tu. Aombe ivutwe nchi kavu ili aone tumbo lake, kwani sehemu inayokaa chini ya maji ndiyo huficha ubovu.

Kwa mashua ya mbao, aanze na mkuku, yaani mti mkubwa unaokwenda urefu wa chombo chini kabisa, kisha mataruma, ambayo ndiyo mbavu zake. Achome kwa ncha ya kisu hapa na pale. Ubao mzima hukataa kisu, lakini uliooza hukipokea kama ndizi mbivu. Atazame pia vitundu vidogo. Baharini kuna viumbe wanaotoboa mbao, na ingawa hawaishi katika maji yasiyo ya chumvi, mashimo waliyoyaacha hubaki. Ubao wenye kitundu kimoja nje unaweza kuwa na mifereji mingi ndani. Misumari iliyoliwa na kutu nayo huonekana kwa madoa mekundu yanayotiririka kwenye rangi.

Kwa mashua ya faiba, agongegonge kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio mzito, kama wa kugonga kadibodi iliyolowa, huonyesha kwamba maji yameingia kati ya tabaka. Atembee sitahani, na ikiwa inabonyea chini ya mguu, mbao zilizo chini yake huenda zimeoza. Rangi mpya mahali pamoja tu ni swali la kuulizwa muuzaji.

Tanga likunjuliwe lote, hata kama muuzaji ana haraka. Jua huua kitambaa polepole, na uzi wa mshono ndio hutangulia. Mshono ukikatika kwa kuvutwa na vidole viwili, upepo hautashindwa kuukata.

Karatasi nazo ni sehemu ya chombo. Mnunuzi aone usajili au leseni, alinganishe namba zilizoandikwa na zile zilizo kwenye mashua, na aulize Mamlaka ya Usafiri wa Majini nchini (KMA) kama rekodi zinakubaliana na maneno ya muuzaji. Mkataba wa mauzo uandikwe, utaje mashua, tanga, mlingoti, injini na namba yake, na utiwe sahihi mbele ya mashahidi. Kikundi kinachonunua kwa pamoja kiandike pia ni nani mwenye hisa ipi. Migogoro mingi ya mali ya kikundi huanzia kwenye jambo ambalo kila mtu alidhani limeeleweka.

Kupakia na kufunga

Hatua ya kwanza ni kuteremsha mlingoti. Mashua yenye mlingoti uliosimama haiwezi kupita salama chini ya nyaya za umeme na madaraja. Foromali, usukani, makasia na tanga navyo vitolewe, vifungwe pamoja na vipewe alama. Anayefungua kamba za mlingoti apige picha kwa simu kila hatua, kwa sababu wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka kamba ipi ilipita wapi.

Maji yote yaliyomo ndani yamwagwe. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1, na maji yanayosukasuka huvuta gari upande kwenye kona. Ikiwa kuna tundu la kutolea maji, liachwe wazi safarini ili mvua isijaze chombo.

Chombo kikishapakiwa, uzito wake ukae juu ya mkuku. Egemeo za pembeni ni za kukizuia kisilale, si za kukibeba. Mashua inayobebwa kwa mbavu hupinda, na iliyopinda huvuja. Egemeo ziwekwe usawa wa mataruma, zikivishwa magunia au vipande vya zulia kuukuu. Kamba au mikanda ipite mahali penye nguvu, ivutwe mbele, nyuma na pande zote mbili. Baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza gari lisimame ili mikanda ikazwe upya, kwani mzigo huwa umeshajipanga. Baada ya hapo, Voi na Mtito Andei ni vituo vizuri vya kukagua tena.

Kama mashua inavutwa kwa trela lake, trela hilo likaguliwe kwa ukali kuliko mashua. Mara nyingi limekaa miaka likitumbukizwa katika maji ya chumvi. Bearingi za magurudumu hujaa kutu, taa hufa, na matairi hupasuka nyufa ijapokuwa hayajatembea. Likiharibikia usiku kati ya Voi na Mtito Andei, litakuwa hatari kwa mwenyewe na kwa kila basi linalokuja nyuma yake.

Mwisho, mzigo upimwe upana, urefu na kimo ukiwa tayari juu ya gari. Ukizidi vipimo vinavyoruhusiwa barabarani, unahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA), na masharti ya kibali hicho yafuatwe. Kibali huombwa kabla ya safari. Mzigo ukikamatwa kwenye mizani ya Mariakani bila karatasi, gharama ya kusubiri humwangukia mwenye mashua.

Ukavu wa bara

Mashua ya mbao iliyozoea bahari ina adui asiyeonekana katika eneo la Mtito Andei na Kibwezi, nalo ni hewa kavu. Mbao zikiwa majini hunywa maji, huvimba na kubanana. Zikikaa nchi kavu kwenye jua hunywea, nafasi kati yake hupanuka, na pamba iliyosindikwa humo hulegea. Mashua iliyokuwa haivuji Kilifi inaweza kuingiza maji kila upande baada ya mwezi mmoja juani.

Kwa hiyo mashua ifunikwe kwa turubai au iwekwe kivulini, huku hewa ikiachwa ipite chini yake. Kabla ya kushushwa majini, fundi aikalafati upya, yaani asindike pamba iliyopakwa mafuta katika kila mwanya. Kisha chombo kishushwe kikiwa kitupu, mahali penye kina kifupi, kikifungwa kwa kamba imara. Kiachwe kivimbe kwa siku kadhaa huku mtu akichota maji yanayoingia. Hakuna abiria anayepaswa kupanda mpaka kilale majini usiku kucha bila kuhitaji kuchotwa tena.

Jambo jingine ni uzito. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Chombo cha tani 2 husukuma kando takriban lita 1,950 za maji ya bahari ili kielee, lakini katika bwawa huhitaji lita 2,000. Maana yake ni kwamba mashua ileile, kwa mzigo uleule, huzama chini zaidi kidogo ikiwa Masinga kuliko ikiwa Mombasa. Aliyezoea kupakia hadi ukingoni baharini apunguze mzigo anapokuja huku.

Usafi nao ni wajibu. Chombo kinachotoka Naivasha au Ziwa Victoria kinaweza kubeba vipande vya gugu maji kwenye trela, nanga au ndani ya injini. Kipande kimoja chenye uhai kinatosha kuanzisha tatizo katika bwawa jipya. Mashua ioshwe, maji yamwagwe na ikaushwe kabisa kabla ya kuingizwa katika maji mengine.

Vifaa kabla ya abiria

Cha kwanza ni jaketi la kuokoa maisha kwa kila anayepanda, la saizi yake, likiwa mwilini na limefungwa. Jaketi lililofungiwa chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu aliyetupwa majini kwa ghafla. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto, kwa hiyo ya watoto yanunuliwe pia.

Mashua iwe na nanga na kamba ndefu ya kutosha, makasia hata kama ina injini, upo wa kuchotea maji, filimbi, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, na kizima moto ikiwa kuna petroli. Simu iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kuhusu tanga, upepo wa bwawa lililo kati ya vilima haufanani na upepo wa bahari. Hukatika, hugeuka, kisha huja kwa kishindo kutoka upande mwingine. Mabaharia wa Pwani hubeba tanga dogo la kutumia upepo unapozidi, na desturi hiyo inafaa hata bara.

Leseni na mipaka

Vyombo vidogo hukaguliwa na kupewa leseni na KMA, na nahodha anayebeba watu anapaswa kuwa na cheti. Mashua ya uvuvi ina masharti yake ya usajili chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Mwenye bwawa naye aombwe ruhusa, na kwa Masinga ni Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi (TARDA). Ndani ya hifadhi za Tsavo, uamuzi ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Viboko na mamba nao wana njia zao majini, na wakazi wa kando ya Athi wanazijua kuliko mgeni yeyote. Waulizwe kwanza.

La mwisho ndilo zito zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na familia zao lilizama katika Mto Enziu uliofurika, Mwingi, Kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Lilikuwa basi, lakini funzo lake linamhusu pia mwenye mashua. Mto wa msimu unaposhuka hubeba magogo, mawe na mizoga, na mwendo wake hauwezi kushindwa na kasia wala tanga. Mashua ni ya maji yaliyotulia. Mto ukifurika, dawa yake ni daraja au subira.

Mkazi mwenye nia ya kununua chombo anashauriwa kuanzia ofisi ya msimamizi wa wadi yake ili aelekezwe kwa idara husika kabla ya kutoa malipo yoyote. Panapotokea dharura, piga 999 au 112.